Bi. Hedwiga na Mgongo wa Mwendokasi

Ifikapo saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bi. Hedwiga Mvungi atakabidhi pikipiki ya ofisi, sanduku la baridi la kubebea chanjo na funguo mbili za stoo, kisha atakuwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia mifugo ya Same kwa miaka thelathini na tatu na miezi kumi na moja. Yeye mwenyewe husema thelathini na minne, na hakuna mtu katika ofisi yetu aliyewahi kuthubutu kumsahihisha.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kuandika wasifu huu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi. Wangejua ninayoyajua huenda wangempa mtu mwingine. Niliikubali kazi hii haraka kabla hawajabadili mawazo, na msomaji atakayevumilia mpaka ukurasa wa mwisho ataelewa haraka ile ilitoka wapi.

Bi. Hedwiga alizaliwa Kighare, Ugweno, mwaka 1965, katika nyumba ambayo ng'ombe walilala upande wa pili wa ukuta wa chumba chake. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kukata majani kwenye makingo ya mashamba kabla ya kwenda shule. Anasema ndipo alipojifunza kwamba mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia kitu, na kila anachokosa amekoseshwa na mtu. Baada ya sekondari alisomea cheti cha afya ya mifugo, na tarehe 1 Agosti 1991 akaripoti Makanya.

Aliteremka kwenye basi akiwa amevaa sweta. Mtu aliyetoka Ugweno alfajiri hawezi kulaumiwa kwa sweta, lakini Makanya saa saba mchana haina huruma, na waliokuwa barabarani walicheka waziwazi. Mzee aliyetumwa kumpokea alimkaribisha vizuri, akamchukulia sanduku lake la bati, kisha akabaki anautazama mlango wa basi. Mwisho akamuuliza bwana mifugo mwenyewe anashuka lini. Akajibiwa kwamba ameshashuka. Tangu siku hiyo Makanya nzima inamwita Mama Bwana Mifugo, na zipo barua rasmi za vijiji zilizofika ofisini zikiwa zimeandikwa hivyo hivyo.

Miaka saba ya kwanza alifanya kazi kwa baiskeli. Mvua za El Nino zilipokata barabara alitembea juu ya reli na sanduku la chanjo kichwani, akafika maboma ya ng'ambo ya korongo, akachanja, akarudi na chupa tupu zote zikiwa zimehesabiwa. Mwaka 2004 walimhamishia Same mjini, wakampa meza, feni na kiti cha kuzunguka. Alidumu miezi mitano. Barua yake ya kuomba kurudi Makanya bado tunaisoma kwa kujiburudisha, kwa sababu ina sentensi moja tu ya maelezo: "Mifugo haiji ofisini."

Sisi tuliokaa naye tutamkumbuka pia kwa mambo madogo. Hotipoti lake la makande lilikuwa mali ya umma kuanzia saa sita mchana, ila mtu akitaja minyoo au usaha wakati wa kula alinyang'anywa kijiko. Chai yake ya tangawizi iliwatoa jasho madereva wazima. Mgeni akimwita "bibie" alijibiwa kwa adabu, kisha akapewa kazi ya kumshika beberu. Hana dogo, na wala hakuwahi kujifanya analo.

Lakini huwezi kumwelewa Bi. Hedwiga bila kumzungumzia punda. Katika taarifa zetu za kila mwezi punda alikuwa mstari wa mwisho kabisa, chini ya bata. Hatoi maziwa, haliwi, na mgeni wa serikali akija hakuna anayetaka kupigwa naye picha. Punda wa Makanya kazi yake ilikuwa maji, kuni na mahindi, basi. Alifungwa kiunzi cha miti mgongoni kwa kamba ya manila na waya, akapakizwa madumu manne, na mgongo ukichubuka aliwekewa kipande cha gunia juu ya kidonda, safari ikaendelea. Kidonda hakikumwaibisha mtu. Kilikuwa ushahidi kwamba punda anafanya kazi na mwenye punda si mvivu.

Bi. Hedwiga alisema tangu mwaka wa kwanza kwamba punda anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kidonda. Watu walimsikiliza vizuri, wakamkaribisha maji ya kunywa, wakaendelea na waya. Hakukata tamaa. Kila Alhamisi jioni alikaa kando ya kisima akatibu migongo, bila kumgombeza mtu, na kwenye taarifa ya mwezi akawa anaandika idadi ya punda juu ya ile ya bata. Mimi nilipoajiriwa Januari 2021 na kupelekwa Makanya kujifunza chini yake, alikuwa amekwishaisema sentensi hiyo moja kwa miaka thelathini.

Juma langu la kwanza alinifundisha kanuni yake kuu. Tulikuwa kwenye pikipiki tukakutana na mwanamume mmoja akimswaga punda mdogo, miguu imekaza chini ya madumu manne. Bi. Hedwiga alishuka, akasalimia, akauliza habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akampapasa punda meno. "Huyu bado mtoto," alimwambia. "Mifupa ya mgongo haijakomaa. Akifikisha miaka minne ndiyo umpakize." Yule bwana akauliza maji yatafikaje nyumbani leo. Bi. Hedwiga hakuhubiri zaidi. Alifungua madumu, mawili tukayafunga kwenye pikipiki, mawili nikayabeba mimi mpaka nyumbani kwake, kilomita nzima. Nilimchukia siku ile, nakiri. Kanuni yenyewe sijawahi kuisahau, na mikono yangu nayo haijaisahau.

Mwezi Mei mwaka huo tulipata habari kwamba Agosti kungekuwa na shindano mjini Same la punda aliyetunzwa vizuri. Halikuwa shindano la mbio. Punda angekaguliwa mgongo, kwato, meno, macho, unene na tabia yake akiwa na watu, na mshindi angepewa mkokoteni wa matairi mawili. Bi. Hedwiga aliisoma barua hiyo mara mbili, akavaa kofia ya pikipiki, akaenda moja kwa moja kwa Saada.

Saada ni mjane wa Makanya anayeishi kwa kuuza maji, na punda wake anaitwa Mwendokasi, jina alilopewa kwa kejeli na vijana wa bodaboda. Wakati ule Mwendokasi alikuwa na kidonda katikati ya mgongo, upana wa kiganja, na nzi wake walijulikana mtaa mzima. Kulikuwa na bwana aliyekuwa akimzungukia Saada amuuzie mnyama huyo, na sote tulijua anachotaka ni ngozi yake. Bi. Hedwiga alimwomba Saada majuma kumi na mawili. Kikundi cha wenye punda, watu hamsini na wawili, kikasikia, kikacheka, kisha kikaweka neno: Mwendokasi akienda Same akarudi na sifa, wote wataacha viunzi vya waya. Hivyo sentensi ya miaka thelathini ikawekwa juu ya mgongo wa punda mmoja, tena mgongo wenye kidonda.

Naomba nieleze maandalizi yale, maana sijaona mwanamichezo aliyeandaliwa vile. Majuma sita ya mwanzo Mwendokasi hakubeba hata kibaba. Maji ya Saada yalibebwa na pikipiki ya Bi. Hedwiga binafsi, ile ya kwake mwenyewe, kabla na baada ya saa za kazi, na mimi nikiwa mpagazi. Asubuhi na jioni kidonda kilioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kikakaushwa, kikapakwa asali iliyoteremshwa kutoka milimani. Kwato zilizokuwa zimepinda zilichongwa kidogo kidogo kwa tupa, kila Jumamosi unene wa sarafu, kwa sababu ukizikata zote siku moja mnyama anachechemea. Mwendokasi alipewa mabua yaliyokatwakatwa, majani ya mti na pumba kiasi. Alipimwa kifua kwa utepe, na Bi. Hedwiga akaandika vipimo kwenye daftari lile lile analoandikia michango ya jumuiya.

Kuanzia juma la saba alishona tandiko. Alichukua magunia mawili, akayajaza sufi, akayaunganisha kwa namna ambayo mzigo unakaa ubavuni huku na huku na uti wa mgongo unabaki wazi, hauguswi na kitu. Alilifumua mara tatu. Kila mara alilivaa yeye kwanza mgongoni, akaniamuru nimpakize dumu la maji, akatembea nalo uani akisikiliza linakobana. Saada alicheka mpaka akakaa chini. Tandiko la nne halikubana popote.

Ikabaki tabia. Mwendokasi alikuwa anaogopa honi, na Same ni mji wa honi. Basi kila jioni Bi. Hedwiga alimpitisha mbele ya kijiwe cha bodaboda, akiwa amekwishawaagiza vijana wapige honi, kwanza mmoja, kesho yake wawili. Vijana walioanza kwa dhihaka walifikia kugombania zamu. Juma la kumi na moja pikipiki tisa zilipiga honi kwa pamoja, na Mwendokasi akaendelea kutafuna ganda la ndizi. Kidonda kilikuwa kimefunga. Palibaki kovu la waridi, na juu yake nywele mpya nyeupe zimeanza kuota, laini sana. Siku ile nilimwona Bi. Hedwiga akiligusa lile kovu kwa kidole kimoja, akageuka upande wa reli, akakaa hivyo kidogo. Hakutaka nione anafuta macho, nami nikajifanya nahesabu madumu.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu huu unanihusu mimi.

Ijumaa, siku moja kabla ya shindano, tulimpakia Mwendokasi kwenye Fuso mpaka Same, tukamfikishia uani kwa ndugu wa Saada. Nyumba ile ilikuwa inajengwa, na fundi mmoja aitwaye Iddi alikuwa ndani anaweka dari. Bi. Hedwiga aliniachia kazi moja tu: nimwogeshe punda, nimkaushe, nimfunge kivulini. Yeye na Saada wakaenda kujiandikisha.

Wenyeji wa Makanya wana desturi yao. Siku ya Idi au ya harusi, punda anayekwenda kubeba vyombo hupakwa vumbi la jasi tumboni na puani ili ang'are. Jasi ni lile jiwe jeupe linalochimbwa pale pale kijijini. Vumbi lake limejaa kila mahali, na ukilipiga maji linatoka lote. Nilikuwa nimeiona desturi hiyo mara mbili na kuipenda. Pale uani nikaona mfuko wa unga mweupe wa fundi Iddi umefunguliwa, laini kuliko vumbi lolote la Makanya. Nikamuuliza ni nini, akasema ni jasi. Kiherehere kikanipanda. Mwendokasi alikuwa bado ana maji mwilini. Nilimpaka tumboni, nikampaka puani, na nilipofika kwenye kovu nikaona zile nywele changa hazijalingana, nikapaka na pale, tena kwa ukarimu, nikasugua mpaka pakawa peupe pote. Nikasimama mbali nikamtazama. Alipendeza sana, na nikaenda zangu kula chipsi.

Fundi Iddi alikuwa amesema kweli, ila mimi sikuuliza swali la pili. Jasi ya fundi imechomwa kiwandani kabla ya kusagwa. Ikipata maji inaganda, na ndiyo maana dari haimdondokei mtu kichwani. Kila fundi anajua hivyo, na kila mtoto wa mjini pia. Mimi nilikuwa nimeishi Makanya miezi saba, na kwangu jasi ilikuwa kitu cha kupuliza ikatoka.

Asubuhi saa moja tulimkuta Mwendokasi amesimama wima, tumbo limekakamaa kama mkono uliofungwa plasta hospitali, anatutazama. Nilipomgonga ubavuni palitoa mlio. Saada alishika kichwa kwa mikono miwili. Bi. Hedwiga hakuuliza nani. Alinitazama mara moja, akaona viganja vyangu, akaniambia nichemshe maji.

Tulimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya kupikia kwa saa mbili, tukiumega ule ugumu kwa vidole. Tumboni ulitoka. Puani ulitoka. Kwenye kovu uling'ang'ania nywele mpya, na ulipong'oka uliondoka nazo pamoja na ngozi iliyokuwa bado changa. Pakabaki mchubuko mwekundu wenye matone ya damu, mahali pale pale ambapo kwa majuma kumi na mawili tulikuwa tumepachunga kuliko tunavyochunga macho yetu. Bi. Hedwiga alimgeukia Saada, akamweleza kwamba punda ni wake na uamuzi ni wake. Wakitaka wanaweza kurudi nyumbani. Saada alijifunga khanga upya. "Dada, nimeshawaambia watu wote nakuja," alisema. "Tumpeleke hivyo alivyo."

Jaji wa mgongo alikuwa Daktari Anderson, mganga wa mifugo mstaafu aliyealikwa kutoka nje ya wilaya, mtu mpole asiyeongea sana. Mwendokasi alisimama mbele yake kwa utulivu. Alitoa kwato moja baada ya nyingine kama alivyofundishwa, na pikipiki iliyopita ikipiga honi haikumtikisa. Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika mpaka alipofika mgongoni. Aliona mchubuko. Akapitisha ukucha pembeni yake, akatoa kipande cha jasi kilichoganda, akakiinua juani. Masharti ya shindano yalikuwa wazi, yamebandikwa langoni: punda aliyepakwa kitu cha kuficha kidonda anaondolewa, na mtaalamu aliyemwandaa anaandikiwa taarifa kwa mwajiri wake. Daktari akauliza ni nani aliyempaka.

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma ya mkia wa Mwendokasi. Nilijua jibu. Mdomo wangu ulikataa kufunguka, na nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio cha ajira, jambo ambalo wakati ule nililiona kubwa kuliko uwanja mzima.

"Mtaalamu wa punda huyu ni mimi," Bi. Hedwiga alisema. "Hapakufichwa kidonda, lakini unga umepakwa, na sharti ni sharti. Andika jina langu."

Akaandika. Mwendokasi akatolewa uwanjani mbele ya watu wa Makanya waliokuwa wamekodi gari zima kuja kumshangilia. Saada alimshika kamba akapita katikati yao bila kutazama pembeni. Mkokoteni ukaenda kwa mtu mwingine. Wale wanakikundi hamsini na wawili walirudi na hadithi tamu ya Mama Bwana Mifugo aliyempiga punda plasta, na viunzi vya waya vikabaki migongoni.

Jioni ile, tukiwa tunasubiri Fuso, nilimfuata nikamwambia nitakwenda kwa mkuu wa idara Jumatatu niseme ukweli. Alikuwa anampaka Mwendokasi asali. Hakuacha kupaka. "Wewe una miezi saba kazini," alisema. "Wa umri wako hapakizwi mzigo." Nikaanza kubishana, akanikatiza, akaniagiza nikaoshe ndoo. Nilikwenda nikaosha ndoo. Nimeiosha ndoo ile kichwani mwangu mara nyingi sana tangu hapo.

Taarifa ilifika ofisini, na ofisi haikuwa na njia nyingine, kwa kuwa mhusika mwenyewe alikuwa amekubali. Barua ya onyo ikaingia kwenye jalada lake, ya kwanza na ya pekee katika utumishi wake wote. Wenzetu wengi hamjui kilichofuata. Jina la Bi. Hedwiga lilikuwa limekwishapita kwenye vikao kuwa mfanyakazi hodari wa idara kwa Mei Mosi ya mwaka 2022. Kwa sababu ya barua ile likaondolewa. Hivyo anastaafu leo bila kuwahi kupanda jukwaa la Mei Mosi hata mara moja, na kila mwaka nimemwona amesimama juani na fulana ya bure, anawapigia makofi wengine kwa nguvu zote.

Hakununa, wala hakunisimanga. Jumatatu iliyofuata alikuwa kisimani na magunia na sufi, anaanza sentensi yake upya, sasa mbele ya watu wenye sababu ya kumcheka. Wa kwanza kuvaa tandiko lake alikuwa tena Mwendokasi. Mchubuko ulipona kwa majuma matatu. Mwaka uliofuata Saada alimshonea jirani, jirani akamshonea shemeji yake. Mwaka 2023 Mwendokasi alirudi Same, akashika nafasi ya pili, mgongo wake ukiwa na kovu jeupe ambalo hakuna aliyethubutu kulipaka kitu. Nafasi ya pili haitoi mkokoteni. Inatoa cheti na gunia la pumba. Aliyezila pumba zile mnamjua, na cheti Saada amekitundika juu ya televisheni. Nilipohesabu kisimani mwezi uliopita, punda arobaini na sita walikuja kunywa maji. Wenye vidonda walikuwa watatu. Wakati Bi. Hedwiga anateremka na sweta lake, mzee mmoja ameniambia, ungetafuta mmoja asiye nacho.

Mumewe, Mwalimu Daudi, alistaafu miaka sita iliyopita na anamsubiri Kighare kwenye migomba na kahawa. Amenipigia simu kuuliza kama ni kweli mkewe anapanda huko na magunia manne ya sufi. Ni kweli, Mwalimu, na ninakushauri usibishane naye.

Kwa niaba ya idara nzima, na ya kila mnyama aliyewahi kupumua kwa nafuu baada ya mikono yako kumfikia, tunakushukuru, Mama. Ukapumzike salama huko juu kwenye baridi. Sweta lako hatimaye litapata kazi, makande yaive kwa wakati, na afya isikupungukie wewe wala Mwalimu.

Neno langu la mwisho, tofauti na taarifa zangu zote, hukulipitisha wewe kwanza, na najua unalisoma sasa hivi ukumbini, umekunja uso. Tarehe 2 Juni nilimkabidhi mkuu wetu, Bw. Loth, barua ya kurasa mbili yenye saini yangu. Inaeleza nani aliufungua mfuko wa fundi Iddi, nani alisugua, na nani alisimama nyuma ya mkia akanyamaza. Nimeomba iwekwe kwenye jalada lako juu ya ile nyingine, na onyo lihamie kwenye la kwangu. Amekubali, na hatua zinazonihusu nitazipokea. Utanigombeza, na nimejiandaa. Lakini mwezi Januari nilitimiza miaka minne kazini, Mama, na kanuni uliiweka wewe mwenyewe, pale barabarani, mkono wako ukiwa kwenye meno ya punda wa watu. Mgongo wangu umekomaa. Shusha mzigo ule uende nyumbani. Sasa naubeba mimi.

Elibariki
Afisa mifugo, Makanya